Aliyechimba Shimo na Aliyelikuta

Soma Zaburi 104:10-23. Mtunzi wa zaburi hii anapita juu ya nchi kama shemasi anayetembelea washiriki nyumba kwa nyumba, na kila anapofika anataja mkazi na makao yake: ndege katika matawi, korongo katika misunobari, mbuzi-mwitu milimani, wibari katika miamba, simba wanaorudi mapangoni jua linapochomoza. Kisha, katika fungu la 23, anamtaja mwanadamu anayetoka kwenda kazini mpaka jioni. Kila mmoja ana mahali pake. Zaburi haimwombi mkazi yeyote hati.

Wanadamu huombana hati. Nani mwenye haki ya kukaa mahali fulani: aliyepachimba, aliyepakuta, au yule asiye na pengine pa kwenda? Swali hili limejaa katika mabaraza ya ardhi, na mara nyingi huwa limeshapita kwanza katika baraza la kanisa, likiletwa na mtu ambaye angependa lisifike mbali. Ni swali la dhamiri kabla ya kuwa la sheria. Ayubu 12:7 inamtuma msomaji kwa wanyama ili wamfundishe, na katika jambo hili yupo mmoja anayefaa kuulizwa, ingawa Biblia haimtaji, na ingawa watu wengi walioishi karibu naye miaka yao yote hawajapata kumwona kwa macho.

Mchimbaji asiyekaa

Muhanga hupatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, popote penye mchwa wa kutosha na udongo unaochimbika. Ana mwili ulioinama mgongo kama nguruwe, masikio marefu kama ya punda, mkia mnene na pua ndefu. Mara nyingi uzito wake ni kati ya kilo 40 na 65. Wataalamu wa viumbe wamemweka katika kundi lake peke yake, kwa maana hana ndugu wa karibu aliye hai. Mchana hulala chini ya ardhi. Usiku hutoka na kutembea kilomita kadhaa akinusa, akibomoa vichuguu na kulamba mchwa na siafu kwa ulimi mwembamba unaonata, wenye urefu wa sentimita 30 hivi.

Miguu yake ya mbele ina vidole vinne vyenye kucha pana kama majembe. Anapochimba huziba matundu ya pua vumbi lisiingie, huvuta udongo kwa miguu ya mbele na kuusukuma nyuma kwa ile ya nyuma. Akishtushwa mahali penye udongo laini, anaweza kuzama ardhini kabla adui hajaamua la kufanya. Mashimo yake mengine ni mafupi, ya kutafutia chakula tu. Mengine ni ya kujificha kwa muda. Mengine ni makao hasa, yanayoweza kwenda mita kumi na zaidi chini kwa chini, na humo jike huzaa mtoto wake mmoja. Ndani ya shimo kama hilo jua kali la mchana halifiki, na baridi ya usiku hupungua sana.

Sasa jambo la kuzingatia. Baada ya kazi yote hiyo, muhanga hakai. Hulala humo siku kadhaa, kisha huhama na kuchimba kwingine, na shimo huliacha wazi. Hata zile nyumba ndefu hazihesabu kuwa zake daima.

Walioingia nyuma yake ni wengi. Ngiri ndiye mpangaji anayejulikana zaidi. Anaweza kuchimba kidogo, lakini kwa kawaida hufanya ukarabati tu katika shimo alilolikuta. Ngiri mkubwa huingia kinyumenyume ili meno yake yaliyopinda yatazame mlangoni, na asubuhi hutoka kwa kishindo, kwa kuwa hajui ni nani anayemngoja nje. Nungunungu hulala humo. Fisi na mbwa mwitu hulea watoto humo. Chatu, kenge, nguchiro, popo na bundi hupata humo kivuli na maficho. Wengi wao wasingeweza kulichimba shimo hilo hata wangepewa mwaka mzima.

Asiyeweza kabisa ni mbayuwayu wa buluu. Ndege huyu mdogo hupitisha sehemu ya mwaka katika nyasi za Uganda na magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, kisha husafiri kusini kwenda kuzaa katika nyanda za juu, zikiwemo zile za kusini mwa Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini. Huko hutafuta shimo lililoachwa na muhanga au ardhi iliyodidimia, akabandika kikombe chake cha matope na nyasi ubavuni mwa shimo, chini kidogo ya usawa wa ardhi. Sasa amekuwa adimu, kwa sababu nyasi zile zinalimwa na kupandwa miti ya mbao. Zaburi 84:3 inamtaja mbayuwayu aliyepata kioto cha kuweka makinda yake karibu na madhabahu za Bwana. Msomaji wa nyanda za juu anaweza kuongeza kwamba wapo mbayuwayu waliopata kioto katika jasho la mnyama ambaye hawajapata kukutana naye, kwa kuwa yeye hutembea wakati wao wamelala.

Je, muhanga ni mwema? Hapa pana hatari ya kuhubiri kupita kiasi. Uumbaji ni kitabu cha Mungu, lakini ni kitabu kilichochanwa kurasa na dhambi, na mnyama hafanyi tendo la huruma kwa kufuata tumbo lake. Muhanga alikuwa akitafuta mchwa. Hakumwazia mbayuwayu. Tena wakulima na wafugaji wana malalamiko yao, na ni ya haki: ng'ombe huvunjika mguu katika mashimo hayo, gurudumu la trekta huzama, ukingo wa bwawa huvuja. Shimo lilelile ni makao kwa mmoja na mtego kwa mwingine.

Mungu aliwapa Waisraeli sheria juu ya jambo hili hasa. Soma Kutoka 21:33, 34. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, aliyechimba hulipa. Hakuna anayeuliza kama alikusudia mabaya. Mwanadamu, tofauti na muhanga, anatakiwa kufikiri juu ya atakayepita baada yake. Ikiwa anadaiwa kwa madhara ambayo hakuyakusudia, basi hawezi pia kusema kwamba aliyenufaika na kazi yake hamhusu. Kuchimba kwa mwanadamu ni kujifunga na watu asiowajua.

Mlango ulio wazi na mlango uliozibwa

Si kila mchimbaji huacha mlango wazi. Katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia wanaishi fuko wasio na manyoya, wadogo kama panya, ambao huchimba kwa meno yao ya mbele. Kundi moja huwa na fuko 70 au 80, mara chache karibu 300, chini ya jike mmoja anayezaa. Mahandaki ya kundi moja yakiunganishwa yanaweza kufika kilomita kadhaa. Ndani ya ukoo wao wanashirikiana kwa namna inayostahili sifa: wanachimba kwa zamu, wanalisha watoto pamoja, wanalala wamerundikana wapate joto. Lakini fuko wa kundi jingine akiingia, hushambuliwa, na huweza kuuawa, ijapokuwa ni wa aina yao kabisa.

Wanamtambuaje? Kwa harufu, na pia kwa sauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila kundi lina namna yake ya kutoa mlio wa salamu, kama lahaja, na kwamba mtoto aliyehamishiwa kundi jingine hujifunza lahaja ya waliomlea. Aliyezoea Maandiko atakumbuka vivuko vya Yordani katika Waamuzi 12:5, 6, ambako watu walikufa kwa kushindwa kutamka neno moja, Shibolethi.

Hapa darasa la Shule ya Sabato lijipime, maana makanisa mengi yameanza kama shimo la muhanga na kugeuka kuwa handaki la fuko. Waanzilishi walifyatua matofali, wakabeba mawe, wakatoa mahindi yauzwe ili bati zinunuliwe. Miaka ishirini baadaye mgeni anahamia mtaa ule, mwalimu au muuguzi kutoka mkoa mwingine. Anakaribishwa kwa wimbo, anatajwa katika matangazo, halafu anagundua kwamba mambo yote mazito huzungumzwa kwa lugha ya nyumbani baada ya ibada, chini ya mti. Akitoa wazo katika kikao, anajibiwa kwa upole kabisa kwamba hapa kuna utaratibu wake, na kwamba wapo waliolijenga kanisa hili. Hakuna aliyemfukuza. Mlio wake tu ndio haukufanana na wa wenzake.

Soma Kumbukumbu la Torati 6:10-12. Kabla Israeli hawajavuka Yordani, Mungu anawaambia mapema kwamba watakaa katika miji ambayo hawakuijenga, nyumba ambazo hawakuzijaza wao, na visima ambavyo hawakuvichimba. Onyo linalofuata halihusu wivu wa majirani. Linahusu usahaulifu wa wale walioshiba. Wale wanaojiita waanzilishi nao waliingia katika kitu walichokikuta. Wamisionari Johannes Ehlers na A. C. Enns walipoanza kazi Giti, katika milima ya Upare, mwaka 1903, walikuja na ujumbe uliokwisha kuchimbwa na wengine katika nchi nyingine, na wakapokewa na watu waliowaonyesha njia, maji na lugha. Hakuna Mwadventista katika Afrika Mashariki anayeabudu mahali ambapo yeye ndiye mtu wa kwanza kupiga jembe.

Isaka aliondoka

Soma Mwanzo 26:12-33. Kama yupo mtu katika Biblia anayefanana na muhanga, ni Isaka, na jambo hilo lisichukuliwe kuwa dharau. Alikuwa mgeni katika nchi ya Gerari. Alipanda, akavuna mara mia, makundi yake yakaongezeka, na Wafilisti wakamwonea wivu. Wakavifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu baba yake, jambo lisilowasaidia hata wao wenyewe. Kisha Abimeleki akamtaka aondoke.

Isaka akahamia bondeni. Akavichimbua visima vya babaye na kuvipa majina yaleyale ya zamani. Watumishi wake wakachimba pia kipya, wakapata maji yanayobubujika. Wachungaji wa Gerari wakadai kwamba maji ni yao. Isaka akakiita Eseki, kwa sababu ya ugomvi, akakiacha. Wakachimba cha pili, ugomvi ukaja tena, akakiita Sitna, akakiacha nacho. Cha tatu hawakukigombania. Akakiita Rehobothi, akisema kwamba sasa Bwana amewapatia nafasi. Baadaye Abimeleki mwenyewe alimfuata kutafuta mapatano, Isaka akamwandalia karamu, na siku ileile watumishi wakaja na habari kwamba wamepata maji mahali pengine tena.

Ni sura inayopendwa na wahubiri wa amani, na inastahili kupendwa. Isaka hakufundisha kwamba maji si yake. Majina aliyoviachia visima yanaonyesha kwamba alijua vizuri alichofanyiwa; aliandika dhuluma ile kwenye ramani, ikabaki hapo. Lakini hakuona kwamba kuwa na haki juu ya kitu kunamlazimu kukishikilia mpaka damu imwagike. Alijua pia kwamba wachungaji wale walikuwa na kiu ya kweli na mifugo ya kweli.

Hata hivyo, kuna neno moja katika sura hii ambalo mahubiri mengi hulipita haraka. Katika fungu la 16 Abimeleki anataja sababu ya kumtaka Isaka aondoke: amekuwa na nguvu kuliko wao. Isaka hakuachia visima kwa kukosa la kufanya. Alikuwa na watumishi wengi, mifugo mingi, na ahadi ya Mungu iliyorudiwa kwake kwa sauti. Angeweza kupigana. Na alipoacha kisima, kesho yake alikuwa na mikono ya kuchimba kingine. Alikuwa na kucha.

Na asiye na kucha?

Chukua mfano ambao hakuna mzee wa kanisa asiyeufahamu. Mume anafariki. Udongo wa kaburi haujakauka, ndugu wa marehemu wanafika na kufuli jipya. Nyumba ilijengwa na wote wawili: mume alilipa fundi, mke alichota maji ya kufyatulia matofali akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Sasa anaambiwa nyumba ni ya ukoo. Anataka kwenda kulalamika kwenye vyombo vya sheria. Mzee wa kanisa anamtembelea jioni, anaomba naye, kisha anamwambia kwa nia njema kabisa, "Mama, mwachie Bwana. Hata Isaka aliacha visima viwili."

Mjane huyo anaweza kujibu, kwa heshima zote, "Mzee wangu, Isaka alikuwa na watumishi wa kumchimbia cha tatu. Mimi nitachimba na nani?"

Jibu hilo lina theolojia nzuri kuliko ushauri. Muhanga anapoliacha shimo hapungukiwi sana. Usiku mmoja wa kazi na amepata jingine. Mbayuwayu akifukuzwa katika shimo hilohilo, mayai yake yamekwisha. Tendo ni moja, kuondoka, lakini gharama hailingani hata kidogo. Mtu akiwaambia wote wawili waondoke kwa sababu kuondoka ni unyenyekevu, hajawatendea kwa usawa. Amemwomba mmoja usiku wa jasho, na mwingine uzao wake wote. Hata wakili dhalimu wa mfano katika Luka 16:3 alijipima kwa ukweli juu ya hili. Neno la Kigiriki ambalo katika Biblia ya Kiswahili limetafsiriwa kulima lina maana ya kuchimba, naye alijua kwamba hana nguvu hizo.

Maandiko yenyewe hayampi kila mtu ushauri wa Isaka. Soma 1 Wafalme 21:1-19. Ahabu alimtolea Nabothi bei nzuri: shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake, na sheria katika Mambo ya Walawi 25:23 ilikuwa upande wake. Ukaidi wake ulimgharimu uhai. Eliya alipotumwa, hakutumwa kusema kwamba Nabothi angekuwa mwenye busara kidogo yote hayo yasingetokea. Alitumwa kwa Ahabu.

Binti za Selofehadi hawakuachia pia. Katika Hesabu 27:1-7 walisimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai sehemu ya baba yao, na Mungu akawaunga mkono. Wala yule mwanamke Mshunami. Huyu anafaa kutazamwa zaidi, kwa maana alikuwa mchimbaji kabla ya kuwa mdai. Katika 2 Wafalme 4:8-10 alimjengea Elisha chumba kidogo cha juu, akaweka kitanda, meza, kiti na kinara cha taa, ili mtu wa Mungu apate pa kuegemea kila apitapo. Hakuombwa. Miaka ikapita, njaa ikaja, akahama kwa neno la Elisha mwenyewe, akakaa miaka saba katika nchi ya Wafilisti. Aliporudi, nyumba na shamba vilikuwa mikononi mwa wengine. Soma 2 Wafalme 8:1-6 uone alichofanya: alikwenda kwa mfalme kulia kwa ajili ya nyumba yake. Mfalme akaamuru arudishiwe vyote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka. Mwandishi wa kitabu haoni haya kumweka mama huyu, aliyeng'ang'ania haki yake, katika historia takatifu.

Wapo watakaoleta 1 Wakorintho 6:1-8, ambapo Paulo anawakemea waumini wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, na kuwauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Fungu hilo lina uzito wake na haliwezi kufutwa. Lakini lisomwe lote. Kabla ya kufika hapo, katika fungu la 5, Paulo ameliaibisha kanisa zima kwa kukosa hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Kanisa linalomzuia mjane kwenda mahakamani limejitwika kazi ya kuamua shauri lake, kuwaita mashemeji walio washiriki, kuwauliza juu ya lile kufuli, na kusimama na jibu. Likimzuia asiende huko, na lenyewe likakaa kimya, basi limeziba milango yote miwili ya shimo naye akiwa ndani. Na shavu la pili katika Mathayo 5:39 ni la yule aliyepigwa kuligeuza. Hakuna mwingine aliyepewa ruhusa ya kumgeuzia.

Hapa isidhaniwe kwamba mwenye kucha ni rahisi kumtambua. Lipo shauri jingine, linaloumiza makanisa mengi ya vijijini. Mzee fulani, wakati ardhi ilikuwa tele, alitoa kiwanja kanisa lijengwe. Alitoa kwa mdomo, mbele ya mashahidi, na watu wakaimba. Sasa amezikwa, mashahidi nao wamezikwa, na mwanawe mwenye watoto sita analima nusu ekari kando ya ukuta wa kanisa. Anadai kiwanja cha baba yake. Baraza linakasirika: kilichotolewa kwa Bwana hakirudishwi. Ni kweli, na mafundisho ya Biblia juu ya nadhiri na sadaka yanaliunga mkono. Lakini kanisa hilo lina washiriki mia tatu, lina konferensi nyuma yake, na lina uwezo wa kununua. Kati ya hao wawili, ni nani Isaka na ni nani Nabothi? Darasa lisikimbilie kujibu kwa kutazama hati peke yake, ingawa ni vyema kila kanisa liandikishe hati aliyetoa akiwa bado hai. Liulize pia watoto wale sita watalala wapi. Kulishikilia jengo na kumsaidia kijana apate pa kulima si mambo yanayopingana, ila la pili hugharimu fedha, na kwa hiyo mara nyingi husahauliwa mpaka baada ya kesi.

Aliyelala katika shimo la mwingine

Soma Mathayo 8:20. Mwandishi mmoja wa sheria alipoahidi kumfuata Yesu kokote, alijibiwa kwa habari ya mapango ya mbweha na viota vya ndege, na Mwana wa Adamu asiye na mahali pa kulaza kichwa. Yeye aliyewapa mbweha kucha hakujichimbia. Alizaliwa mahali pa mifugo. Alikaa Kapernaumu, akaingia nyumba ya Petro, ya Martha, ya Zakayo. Pasaka ya mwisho aliila katika chumba cha juu cha mtu ambaye Injili hazitaji hata jina lake. Hakuna mahali anapoonekana akiona haya kupokea, wala akijifanya kwamba hakupokea.

Ijumaa jioni alihitaji tena mahali. Mathayo 27:57-60 inamleta mtu tajiri wa Arimathaya, Yusufu, mwenye kaburi jipya alilolichonga mwambani kwa ajili yake mwenyewe. Kuchonga mwamba ni kazi ya gharama. Shimo la namna hiyo halifanywi mara mbili katika maisha ya mtu. Luka 23:53 inaongeza kwamba hakuna mtu aliyekuwa amewekwa humo bado. Yusufu hakungoja kuombwa. Alikwenda mwenyewe kwa Pilato kuuomba mwili, jambo ambalo wavuvi na wanawake wa Galilaya wasingeweza kulifanya, kwa kuwa hawakuwa na cheo cha kuwafikisha mbele ya liwali. Yeye alikuwa nacho, akakitumia, akijua kwamba wenzake wa barazani watamwona.

Sabato ikaingia. Wale wanawake walistarehe kwa kuitii amri, asema Luka 23:56, na Bwana wao akapumzika katika shimo lililochimbwa na mwingine. Siku ya kwanza ya juma, alfajiri, lilikuwa wazi na halina mtu. Injili zote nne zimelihifadhi jina la Yusufu wa Arimathaya. Hakuna hata moja inayosema ni nani aliyezikwa baadaye katika kaburi lile.